Kabla Hujaenda Kukua kwa Watu

Wanangu, kila vyuo vinapofungwa hukosi kusikia kijana amepata nafasi ya kwenda kujitolea nje ya nchi. Anakwenda kijiji ambacho hajawahi kukikanyaga, ambako gari halifiki mvua ikinyesha, na lugha ya huko haijui hata salamu. Ukimuuliza anakwenda kufanya nini, wengi hujibu kwamba wanakwenda kujijenga: kuona maisha, kujifunza uvumilivu, kupanua akili. Sitaki kuwakatisha tamaa, kwa sababu wanayoyasema ni kweli. Safari ya namna hiyo humkuza mtu. Nimeona vijana waliotoka kwao hawajui kufua shati lao wakarudi watu wazima, wenye maneno machache na macho yanayoona.

Ninachowaonya ni jambo lisiloandikwa kwenye fomu ya maombi. Kukua kwenu huko kuna gharama, na anayelipa si ninyi peke yenu wala mfadhili aliyewakatia tiketi. Sehemu kubwa hulipwa na wenyeji, na mara nyingi hao ndio wasio na ziada ya kutoa.

Chukueni maji. Upande wa mashariki wa Sudan Kusini, kwenye nchi ya Watoposa kuzunguka Kapoeta, mito hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Wanawake na wasichana huchimba mchanga katikati ya mto hadi maji yaanze kuchuruzika, wakayateka kibuyu kwa kibuyu, wakakaa kungoja shimo lijae tena, wakateka tena. Kujaza mtungi wa lita 20 ni shughuli ya subira, kisha kuna safari ya kurudi nyumbani ukiwa umeubeba kichwani. Sasa mgeni amefika. Anaoga asubuhi na jioni kama alivyozoea Nairobi au Dar es Salaam. Anafua suruali kwa sababu imeshika vumbi. Hakuna atakayemwambia neno, maana heshima ya wafugaji wale hairuhusu kumhesabia mgeni maji. Lakini yuko msichana aliyeamka giza halijapambazuka kwa ajili ya ile ndoo, na siku hiyo huenda hakwenda shule.

Maji ni mfano mmoja. Kuna kitanda alichokitoa mwenye nyumba akalala chini. Kuna mbuzi aliyechinjwa wakati wa ukame. Na iko gharama ambayo vijana wengi hawaioni kabisa, nayo ni ya mkalimani. Katika kijiji cha mbali, mtu anayejua Kiingereza au Kiarabu cha Juba kwa ufasaha mara nyingi ndiye mwalimu au mhudumu wa zahanati. Ukifika wewe, anaondolewa kwenye kazi yake ili atembee nawe. Wiki tatu unajifunza maisha, na wiki hizo tatu darasa halina mwalimu. Huo ndio ulipaji ninaousema.

Nimefanya kazi ya afya mipakani, na kazi iliyonifundisha zaidi kuhusu wageni na wenyeji ni vita dhidi ya mnyoo wa Guinea. Mwaka 1986 ilikadiriwa kwamba watu milioni 3.5 walikuwa wakiugua mnyoo huo katika nchi 21 za Afrika na Asia. Uganda peke yake ilihesabu wagonjwa 126,369 mwaka 1992. Sudan Kusini ilikuwa na wagonjwa 20,581 mwaka 2006. Mwaka 2024 dunia nzima ilihesabu wagonjwa 15. Hakuna chanjo ya ugonjwa huu, wala dawa ya kuuponya. Umerudishwa nyuma namna hiyo kwa maneno, kitambaa na miguu ya watu wanaotembea nyumba kwa nyumba.

Nawaeleza unavyokwenda, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali la muda. Mtu hunywa maji ya bwawa yenye vidudu vidogo mno, navyo vimebeba mabuu ya mnyoo. Hasikii chochote. Zinapita siku, miezi, msimu wa mvua unakwisha na mwingine unaingia. Baada ya mwaka mmoja hivi, lengelenge linatokea mguuni, linaungua kama limewekewa kaa la moto, linapasuka, na mnyoo mweupe unaoweza kufika urefu wa mita moja unaanza kutoka. Mgonjwa hukimbilia bwawani kupoza maumivu. Mguu ukigusa maji, mnyoo humwaga mabuu yake, na bwawa lote limeambukizwa upya.

Tiba yake ni kuutoa, na hautoki kwa kuvutwa. Mhudumu hukaa chini mavumbini, akauweka mguu wa mgonjwa juu ya paja lake. Analowesha kidonda kwa maji ndani ya beseni, mbali na bwawa. Anashika ncha ya mnyoo kwa shashi, anaivuta taratibu, anaizungushia kwenye kijiti au kipande cha bandeji. Sentimita moja, mbili, pengine tatu. Akihisi unakaza, anaacha hapohapo, kwa sababu ukikatika ndani, mguu utavimba na usaha utajaa. Anafunga bandeji, anamwambia mgonjwa kesho. Kesho yake hurudia. Kazi hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa kwa mnyoo mmoja, na mtu huweza kuwa nao zaidi ya mmoja.

Sasa fikirini wenyewe. Aliyefika kijijini kwa wiki tatu, akagawa vitambaa vya kuchujia maji, akapiga picha na kuondoka akiamini ameokoa watu, hajaona jibu la kazi yake. Maji yaliyonywewa siku aliyofika yatatoa majibu mwakani. Atakayejua kama akina mama walichuja kweli, au kitambaa kilikuwa kimetoboka, au watoto walikunywa bwawani walipokuwa malishoni, ni yule aliyekuwepo mwaka mzima na mwaka uliofuata. Ndiyo maana sina imani na safari fupi. Mambo mengi ya kijijini yana majira yake kama mnyoo ule. Shamba lina majira yake, mtoto anayejifunza kusoma naye anayo, hata ugomvi wa malisho kati ya koo mbili. Ukija na kuondoka katikati ya majira, umeshuhudia kipande tu.

Na aliyekuwepo mwaka mzima ni nani? Wengi wao walikuwa wenyeji waliochaguliwa na vijiji vyao, wakifanya kazi ya kujitolea. Baadhi yao hawakujua kusoma, ripoti wakaziweka kwa picha na alama. Hao ndio waliopita kwenye nyua kukagua vitambaa, wakamzuia jirani mwenye lengelenge asiingie majini, tena jirani huyo pengine ni mkwe wao au mzee anayewazidi umri. Wachungaji walipewa vijimrija vya kuchujia vya kuning'iniza shingoni, ili wakifika bwawani mbali na nyumbani wanywe kupitia humo. Lakini aliyewakumbusha kuvitumia ni kijana mwenzao wa kambi ya ng'ombe. Mwaka 1995, Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, aliwashawishi waliokuwa wakipigana Sudan wasimamishe vita, na silaha zikanyamaza karibu miezi sita, wahudumu wakapata njia ya kupita. Lilikuwa jambo kubwa, na mgeni mwenye jina kubwa alifaa kwa jambo hilo. Baada ya hapo kazi ilirudi kwa watu wa pale.

Mgeni wa kawaida aliyefaa katika kazi ile nilimtambua upesi. Alikuwa yule aliyekubali kuwa msaidizi. Alibeba maboksi, akaandika daftari, akahakikisha dawa ya kutia mabwawani kuua vile vidudu imefika kabla barabara hazijafungwa na mvua. Aliposema mhudumu wa kijiji kwamba leo hatuendi huku, hakubishana. Alisahihishwa na watu wasiokuwa na cheti hata kimoja, akashukuru. Wenzake waliokuja kuonekana wanasaidia walichoka mapema, maana kazi yenyewe haina shangwe.

Msidhani nawaambia haya kwa sababu nawachukia wageni. Nchi zetu zenyewe zimewahi kuwa kijiji cha mbali cha watu wengine. Mwaka 1961, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru wake wa Desemba, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wa kujitolea wa Peace Corps kutoka Marekani. Kundi lile la kwanza lilikuwa na wapimaji wa ardhi, wahandisi na wanajiolojia, watu waliokuja na kazi mikononi, kwa sababu nchi ilitaka barabara. Baadaye walikuja walimu wengi, na wazee wa sehemu nyingi bado wanawakumbuka waliokaa hadi wakajua kutaniana kwa Kiswahili. Mama yake Jimmy Carter, Lillian, aliingia Peace Corps akiwa na miaka 68, akapelekwa Vikhroli, karibu na jiji ambalo siku hizo liliitwa Bombay, akahudumia wagonjwa huko hadi mwaka 1968. Alikuwa muuguzi kabla hajaenda. Hilo naomba mlitie akilini: alikwenda na ujuzi uliokwisha kukomaa nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1961 ulitupa na funzo la upande mwingine. Oktoba, msichana wa Peace Corps aliyekuwa akijiandaa kufundisha Nigeria, Margery Michelmore, aliandika kadi ya posta kwa rafiki yake Marekani kutoka Ibadan, akieleza jinsi watu walivyoishi kwa hali duni, hata akataja kwamba walijisaidia barabarani. Kadi ikadondoka kabla haijafika posta. Mwanafunzi wa chuo kikuu akaiokota, ikanakiliwa, ikasambazwa chuoni. Wanafunzi wakaandamana, wakataka Wamarekani hao waondolewe. Margery aliomba radhi na kurudi kwao, na mpango mzima ukatikisika ukiwa haujatimiza hata mwaka mmoja. Hakuwa binti mbaya. Aliyoyaandika alidhani ni siri ya watu wawili. Lakini wanafunzi wale walisoma na kujiona wanavyoonekana machoni mwa mtu aliyekula nao meza moja, na hilo liliwauma kuliko tusi la adui.

Enzi zile ilitosha kadi moja iliyodondoka. Ninyi mna simu mfukoni, na hakuna haja ya kitu kudondoka, mnakituma wenyewe kwa kidole. Nimeona picha za vidonda vya watu, za watoto walio uchi, za mama anayenyonyesha kwenye kibanda chake, zimewekwa mtandaoni na kijana wa kwetu, chini ameandika jinsi alivyonyenyekezwa na umaskini aliouona. Mwanangu, ungempiga picha hiyo mtoto wa jirani yako mtaani kwenu, ukaitangaza bila kumuuliza mama yake? Kama jibu ni hapana, mpaka wa nchi haukupi ruhusa hiyo. Tena yule mama ana shemeji Juba, ana binamu kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na hao wana simu kama wewe. Picha itamrudia.

Kuna mahali pamoja nawakataza kabisa, sitafuti namna ya kulainisha. Msiende kujitolea kwenye vituo vya watoto yatima kucheza na watoto wiki mbili tatu. Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio katika vituo duniani wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Wamefikaje pale? Wengine wametolewa majumbani mwao na watu walioahidi shule, kwa sababu kituo chenye watoto huleta wageni, na wageni huleta fedha. Nepal wazazi wa wilaya ya Humla, milimani ambako barabara ilikuwa haifiki, waliwatoa watoto wao wakati wa vita wakiahidiwa elimu na usalama, na wengi wakaishia kwenye vituo vya Kathmandu wakiitwa yatima ilhali wazazi wako hai. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilitaja madhara ya kujitolea katika vituo hivyo. Na hata kituo kikiwa cha kweli, mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja anakuzoea, anakulalia mapajani, anajua jina lako, kisha unapanda gari. Mwezi ujao anakuja mwingine kama wewe. Unayoyaita mapenzi yanamfundisha mtoto yule kwamba anayempenda huondoka. Kukua kwako hakustahili bei hiyo.

Jirani ya hilo kuna ahadi. Ukiwa kijijini, moyo umelainika, jioni mmekaa kwenye moto, ni rahisi sana kusema nitamsomesha huyu mtoto, nitarudi, nitawaletea pampu. Waswahili wanasema ahadi ni deni, na vijijini deni halina tarehe ya kufutwa. Nilionyeshwa na mzee mmoja karatasi aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa hadi inakatika kwenye mikunjo. Juu yake palikuwa na anwani ya barua pepe, wino umefifia, iliyoandikwa na kijana aliyesema atamlipia binti wa mzee karo ya sekondari. Mahali pale hapakuwa na intaneti. Mzee aliniomba nimsomee imeandikwa nini, kisha akaniuliza kama anwani ile ina nyumba na mtaa anakoweza kutuma mtu. Binti alikuwa ameshaolewa. Mdomo wenu ukitaka kuahidi jioni, ufungeni hadi asubuhi, kisha waulizeni wakubwa wenu wa kazi kama ahadi hiyo ni yenu kuitoa.

Mwaka 1968 Ivan Illich, padri aliyekuwa akiishi Cuernavaca, Mexico, aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakienda vijijini Mexico wakati wa likizo kwamba wakitaka waje kutazama, kusoma, kupanda milima na kufurahia maua, ila wasije kusaidia. Aliwakumbusha kwamba hata kuzungumza na wale waliodai kuwasaidia hawakuweza. Wengi walimchukia kwa maneno yale. Mimi sikubaliani naye yote, kwa sababu nimemwona mkunga mgeni akiokoa mama na mtoto usiku mmoja, na siwezi kumwambia asingekuja. Lakini kwa kijana asiye na ujuzi, asiye na lugha na asiye na muda, neno la Illich bado limesimama. Kama unataka kuona dunia, nenda uione. Lipa malazi yako, nunua chakula sokoni kwao, sikiliza, rudi. Hakuna aibu katika utalii wa heshima. Aibu ni kuuita msaada.

Na ukiamua kwenda kweli, nenda ukae. Miezi sita ya kwanza hutafaa kitu, jiandae kwa hilo, maana ndiyo miezi migumu na ndiyo itakayokukuza. Utakuwa mtu mzima anayeongea kama mtoto wa miaka mitatu. Watakucheka, na utacheka nao siku utakapokuwa umewaelewa. Jifunze lugha kwa mama wa nyumba unakolala na kwa watoto wake, kwa sababu watoto hawachoki kukusahihisha. Pima maji unayotumia kwa mtungi mmoja, siku nzima, na ukiyateka mwenyewe kisimani ni bora zaidi; shingo ikiuma utajua kiasi cha kuoga. Meza dawa zako za kuzuia malaria bila kuruka, kwa sababu ukianguka, watu wanne wataacha mashamba yao kukubeba. Usivae dhahabu. Usimkatize mzee. Usiwe rafiki wa mtoto mmoja kuliko wenzake. Wakikupa cheo, kipunguze.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ikifika siku ya tatu hukupewa jembe, liombe, na ukipewa la mpini uliolegea, limia hilohilo. Kuna vijana niliowaona wakikaa miaka miwili kwa watu, wakaondoka bila hotuba, na hadi leo kijiji kinawataja kwa majina ya ng'ombe waliopewa kule. Hao nikikutana nao mjini hawasimulii sana walivyokua. Wanauliza mvua imenyesha kule, fulani amejifungua, barabara imepitika?

Kwa hiyo kabla hujasaini fomu hiyo iliyo mkononi mwako, andika barua kwa watu wa kule, wala usiishie kwa shirika lililokusajili. Uliza kazi hii nani anaifanya sasa, na nani ataifanya nikiondoka. Uliza nitalala kwa nani, nani atanitekea maji hadi nijue njia ya kisima, na mkalimani wangu atatolewa kwenye kazi gani. Jibu litachelewa, lisubiri. Likija na kusema mwaka huu hawahitaji mgeni, usiende. Likisema wanahitaji fundi wa pampu ya mkono na wewe si fundi, wapelekee jina la fundi unayemjua, au ingia chuo cha ufundi ukasome kazi hiyo hadi uweze kufungua pampu, kubadilisha mipira yake na kuifunga tena bila kitabu. Ukishamaliza, waandikie tena uwaulize kama nafasi bado ipo.